Manjano yasimfukuze daktari

Mwaka 2006 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la wagonjwa 89 wa vidonda vya utumbo mpana ambao hali yao ilikuwa imetulia. Wote waliendelea na dawa za hospitali. Takriban nusu wakaongezewa gramu 2 za kurkumini kwa siku, kiini cha manjano. Katika miezi 6, miongoni mwa waliohesabiwa mwishoni, ugonjwa uliwarudia 2 kati ya 43 waliotumia kurkumini, na 8 kati ya 39 waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Yanatia moyo, nasi hatuyabezi. Lakini anayeuza unga wa manjano mtandaoni kama tiba kamili huruka jambo kubwa kuliko yote: hakuna aliyeacha dawa zake. Tena gramu 2 za kurkumini si kijiko cha bizari mchuzini.

Vitamini nazo zina mahali pake. Mgonjwa wa Crohn, uvimbe mwingine sugu wa utumbo, aliyeathirika mwisho wa utumbo mwembamba huweza kushindwa kufyonza B12, na huyo sindano anaihitaji kweli. Ila haizimi uvimbe.

Wala mmea si dhamana ya usalama. Hukohuko Japani, unga wa nili uitwao qing dai uliwatuliza wengi, kisha jaribio likasitishwa kabla ya wakati kwa hofu ya shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu.

Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la Tanzania liyabane matangazo ya “kuponya utumbo”. Na madaktari waache kuwafokea wanaotaja mitishamba. Anayefokewa ataendelea kunywa kimyakimya, na ini likichafuka daktari hatajua pa kuanzia.