Lubumbashi: Karatasi ya kura ya komini isiwe mtihani wa kusoma

Kila uchaguzi unapokaribia, raia huhimizwa kwa redio, kanisani na sokoni waende kupiga kura. Ni vizuri. Lakini kuna swali ambalo wakaaji wa Katuba, Ruashi, Kampemba na komini zingine wanapaswa kuiuliza CENI kwa sauti kubwa: mama asiyejua kusoma, akifika mbele ya orodha ya wagombea, atampata mtu wake bila msaada? Kama hawezi, ile kura si yake tena. Ni ya yule atakayemwonyesha kwa kidole.

Tatizo hili si la jana. Mwaka 2006, wagombea zaidi ya 9,000 waligombania viti 500 vya bunge la taifa. Mwaka 2011 walipita 18,000, na kule Tshangu, Kinshasa, karatasi ya kura ilikuwa kama gazeti, ukurasa juu ya ukurasa. Mwaka 2018 ikaletwa mashine. Mashine ilipunguza karatasi, haikupunguza majina. Tarehe 20 Desemba 2023, mkaaji wa makao makuu ya jimbo alichagua mara nne kwa siku moja: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na mshauri wa komini. Kwa komini peke yake, nchi nzima ilikuwa na wagombea zaidi ya 31,000 kwa viti visivyofika 1,000. Mshauri wa komini akawekwa mwisho, wakati mpiga kura amekwisha kuchoka na watu nyuma yake wananung'unika.

Wako wanaosema kosa ni la raia, eti hawakusoma. Hapana. Watu wa nyumba nzima wakijikwaa kwenye ngazi ileile kila siku, anayeulizwa ni fundi.

Kuna jambo lingine ambalo wapiga kura wengi hawaelezwi. Mtu anagusa picha ya jirani yake mwaminifu, anarudi nyumbani na furaha. Hajui kwamba kura ile inahesabiwa kwanza kwa orodha ya chama, na kwamba kwa komini sheria ya uchaguzi imeweka kizingiti cha asilimia 10. Orodha isipofika hapo, jirani mwaminifu anaanguka pamoja nayo, hata kama avenyu nzima ilimchagua. Mpiga kura ana haki ya kuona jambo hilo kabla ya kuchagua.

Basi yanayopaswa kudaiwa ni haya. Wagombea wapangwe kwa orodha zao, alama ya chama ikiwa kubwa juu ya majina, si watu wametawanywa kama mahindi yaliyomwagika. Namba na picha ziwe zilezile kwenye mabango, kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni mwa buro ya kura na kwenye kura yenyewe. Maelezo yaandikwe kwa lugha ya watu wa mahali, yaani Kiswahili huku kwetu, Lingala, Ciluba au Kikongo kwingine, na si kwa Kifaransa peke yake. Na zaidi ya yote, kura ijaribiwe kabla ya kukubaliwa. Mfano wake upelekwe sokoni, apewe mama anayeuza unga, mzee asiyeona vizuri, kijana wa motataksi. Wakosee mbele ya wale walioitengeneza. Pale wanapokosea ndipo pa kurekebisha.

Watajibu kwamba pesa hazipo. Kupeleka karatasi kumi na mbili sokoni kunagharimu nini mbele ya bei ya mashine? Watajibu pia kwamba sheria inaruhusu asiyeweza kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Ndiyo, na haki hiyo ibaki. Lakini msaada ni wa asiyeweza. Kura mbaya inawafanya hata wanaoweza wawe wasioweza.

Washauri wa komini ndio wanaopaswa kumchagua burgumestre, na burgumestre ndiye anayeulizwa habari za takataka, mifereji iliyoziba na kodi za soko. Uchaguzi ulio karibu zaidi na mlango wa raia haufai kuwa ndio mgumu zaidi kwake.

Kazi hiyo ifanywe sasa, wakati bado kuna nafasi ya kufuta na kuchora upya. Wiki moja kabla ya kura, kitakachobaki ni kuwalaumu wamama.