Beki chipukizi wa Migori na Homa Bay: Tunampima kwa mizani ipi?

Kila mwaka, dirisha la usajili la katikati ya msimu linapofunguliwa Januari, klabu za Ligi Kuu ya Kenya huanza kuwapokea vijana waliotoka kufanya mtihani wa kidato cha nne majuma machache tu yaliyotangulia. Miongoni mwao hawakosekani mabeki waliolelewa katika viwanja vya shule za Migori na Homa Bay. Kijana huvalishwa jezi, hupangwa katika mechi mbili tatu, na kabla ya mvua za masika kwisha mashabiki wamekwisha kumtolea hukumu: ama ni ukuta usiopenyeka, ama ni mlango uliosahauliwa wazi.

Ni wachache wanaojiuliza hukumu hiyo imetokana na ushahidi gani. Mshambulizi ana mabao yake, na kipa ana mikwaju aliyoipangua. Beki hana hesabu yake mwenyewe. Hesabu anayopewa ni ya mabao ambayo timu nzima imefungwa, na hapo ndipo uonevu unapoanzia. Ndipo pia upendeleo unapoanzia, maana wapo mabeki waliojificha miaka mingi kati ya kipa hodari na kiungo mkabaji asiyechoka, wakasifiwa kwa kazi ya wenzao.

Tumchukue Joseph Okumu, mzaliwa wa Kisumu, jirani wa kaunti hizi mbili. Juni 2019 alikuwa na umri wa miaka 22, akiichezea Real Monarchs, timu ya daraja la chini nchini Marekani. Huenda asingeanza hata mechi moja ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri lau Brian Mandela hangeumia kambini Ufaransa siku chache kabla ya kipute hicho. Kocha Sébastien Migné akalazimika kumwamini mgeni. Kenya ikalazwa 2-0 na Algeria, ikaipiga Tanzania 3-2, kisha ikacharazwa 3-0 na Senegal. Timu ikarejea nyumbani baada ya kufungwa mabao saba katika mechi tatu.

Kwa mizani ya mabao, beki huyo alikuwa amefeli. Lakini matano kati ya mabao hayo saba yalitoka kwa Algeria na Senegal, timu mbili ambazo hatimaye zilikutana katika fainali. Na waliomtazama Okumu badala ya kuutazama ubao wa matokeo waliona jambo jingine: utulivu wake alipokuwa na mpira mguuni, kasi yake ya kurudi nyuma alipopitwa, na subira yake ya kuchagua wakati wa kuingilia. Agosti mwaka huo huo Elfsborg ya Uswidi ikamsajili. Mnamo 2021 akahamia Gent ya Ubelgiji, na 2023 akajiunga na Reims ya Ufaransa. Walioteua kumnunua hawakuhesabu mabao saba.

Kinyume chake tulikiona Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Katika mechi nne za makundi safu ya ulinzi ya Harambee Stars iliruhusu bao moja pekee, tena katika kundi lililokuwa na Morocco, mabingwa wa baadaye. Hata hivyo, mashabiki walianza kulishika midomoni jina la beki Alphonce Omija wa Gor Mahia katika robo fainali, alipofunga kwa kichwa dhidi ya Madagascar. Wageni wakasawazisha kwa penalti, wakashinda 4-3 katika mikwaju ya matuta, na Kenya ikatoka. Beki alikumbukwa kwa bao, yaani kwa kazi ambayo si yake, huku dakika nyingi za kazi yake halisi zikipita bila kutajwa.

Je, mtazamaji atazame nini? Kwa maoni ya mwandishi huyu, jambo la kwanza ni mahali kijana anaposimama wakati mpira uko upande wa pili wa uwanja. Hapo hakuna anayemwangalia, na hapo ndipo bao la dakika mbili zijazo hupikwa. Beki aliyezoea shule huufuata mpira kwa macho na kumsahau mtu aliye nyuma ya bega lake. La pili ni hatua zake za kwanza anaposhambuliwa: je, anakurupuka na kuteleza chini, au anarudi nyuma polepole akimsukumia mshambulizi kwenye mstari wa pembeni? Mashabiki hushangilia anayeteleza. Makocha wenye uzoefu hukunja uso, kwa sababu beki aliye chini hana la kufanya tena mpira ukimpita.

La tatu, na pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni namna anavyocheza dakika kumi zinazofuata kosa. Kosa lenyewe halina habari nyingi; kila beki hukosea. Lakini yupo ambaye baada ya kosa huacha kuomba mpira, hujificha nyuma ya mwenzake na kuanza kuubutua mbele bila kutazama. Huyo hajakomaa, hata kama timu yake imeshinda siku hiyo. Yupo mwingine ambaye huendelea kuzungumza na kipa wake na kuomba pasi kana kwamba hakuna lililotokea.

Tahadhari moja ni muhimu. Mechi tano za kwanza za beki chipukizi husema machache, kwa kuwa wapinzani hawamjui na beki mwenzake mkongwe humfunika. Ukweli huanza kujitokeza timu zile zile zinaporudi mara ya pili, zikiwa zimegundua mguu wake dhaifu na upande asioupenda kugeukia. Anayemsifu au kumlaani kabla ya hapo anacheza bahati nasibu.

Sasa tuitazame shule alikotoka. Mashindano ya shule za upili huanzia ngazi ya kanda, yakapanda hadi kaunti, eneo zima la Nyanza, kisha taifa, na washindi huvuka hadi michezo ya FEASSA ya Afrika Mashariki. Upande wa Homa Bay, Agoro Sare ya Oyugis ni jina linaloheshimika katika michezo hiyo, kwa kandanda na kwa mpira wa vikapu. Kijana aliyepita katika ngazi zote hizo amejifunza mambo ambayo klabu haiwezi kumnunulia: kuruka na mtu mzito kuliko yeye, kucheza leo na kesho na keshokutwa kwenye uwanja wenye mashimo, na kustahimili kelele za shule pinzani iliyokuja na ngoma.

Lakini mazingira hayo hayo humfunza tabia ambazo atalazimika kuzisahau. Katika uwanja wenye vichuguu, beki mwerevu ni yule anayeupiga mpira mbali. Mwalimu wa michezo, mwenye siku chache za mashindano, hana sababu ya kumfundisha kuanzisha mashambulizi kwa pasi fupi wala kupandisha mstari wa kuotea kwa pamoja na wenzake. Zaidi ya hayo, suala la umri lingali donda katika michezo yetu ya shule. Beki anayetawala mechi kwa sababu amewazidi wenzake miaka miwili au mitatu hataonyesha udhaifu wake mpaka akutane na watu wazima kama yeye. Ndiyo maana sifa za shule pekee, hata ziwe za ubingwa wa Nyanza, ni dhamana nyepesi.

Kuna na suala la kalenda, ambalo halizungumzwi inavyostahili. Michezo ya kandanda ya shule hukamilika muhula wa pili, na FEASSA hufanyika Agosti. Ligi Kuu nayo, tangu ilipoacha kufuata mwaka wa kalenda, huanza msimu karibu na wakati huo huo. Mwanafunzi wa kidato cha nne hawezi kwenda; ana mtihani hadi Novemba. Hukaa miezi mitatu au minne bila mechi ya maana, kisha huingizwa kwenye timu ambayo imekuwa ikifanya mazoezi pamoja tangu katikati ya mwaka uliopita. Tunapomwona amechelewa sekunde moja kila mara, huenda tunatazama kalenda wala si kipaji.

Wenzetu wa Marekani wana utaratibu tofauti katika kandanda yao ya mikono. Timu inayomteua mlinzi chipukizi huwa na rekodi ya miaka yake yote ya chuo kikuu: kila mechi kwenye kanda, uzito, mbio, hata jinsi alivyocheza dhidi ya wapinzani fulani. Mkenya mmoja aliwahi kuruka ngazi hiyo yote. Daniel Adongo, mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts Julai 2013 kama mlinzi bila kuwahi kuucheza mchezo huo popote. Mwili wake haukuwa na kasoro. Alichokikosa ni ile miaka ya kukosea mbele ya watu wachache. Alicheza mechi za kuhesabika na 2015 akaachiliwa.

Okumu, kwa upande wake, hakuruka. Alianzia Chemelil Sugar, akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini, na 2018 akakubali kushuka hadi AFC Ann Arbor, klabu ndogo katika mji wa chuo kikuu huko Michigan, iliyocheza ligi ya kiangazi inayotegemea sana wanafunzi wa vyuo. Wapo walioona hatua hiyo kama kuporomoka. Mwaka mmoja baadaye alikuwa akimkaba Sadio Mané.

Chemelil Sugar haikutajwa hapo kwa bahati. Klabu za viwanda vya sukari ndizo zilizokuwa chuo cha beki wa Nyanza, na chuo cha Migori kilikuwa Awendo. SoNy Sugar, timu ya kampuni ya sukari ya South Nyanza, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu 2006, jambo ambalo vijana wa leo hulisikia kama hekaya. Lakini ubingwa huo haukuwa mchango wake mkubwa zaidi. Kubwa lilikuwa kwamba kijana aliyetoka Rongo, Uriri au Ndhiwa aliweza kukutana na washambulizi wa Gor Mahia, AFC Leopards na Tusker katika uwanja wa Green, Awendo, akiwa karibu na nyumbani, mbele ya wakulima wa miwa waliomjua baba yake. Akikosea, alizomewa kwa Kijaluo, na Jumamosi iliyofuata alipangwa tena.

Chuo hicho kilifungwa 2019. Kampuni ilikuwa imelemewa na madeni, SportPesa ilikuwa imeondoa ufadhili wake wa ligi mwaka huo, na SoNy ikashindwa kufika katika mechi tatu. Kanuni za ligi zikatekelezwa: ikatimuliwa na matokeo yake kufutwa. Chemelil nayo ikashushwa daraja msimu huo huo. Katika kipindi kisichozidi mwaka mmoja, ukanda mzima wa miwa ulipoteza ngazi mbili za katikati.

Tangu wakati huo, beki wa shule kutoka kusini mwa Nyanza amekuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuvumilia katika ligi za chini, ambako Migori Youth imefanya kazi ya kupigiwa mfano kwa misimu kadhaa ya Supa Ligi ya Kitaifa (NSL), licha ya safari ndefu na mifuko mitupu. Ya pili ni kupelekwa moja kwa moja Nairobi, akakosee akiwa na jezi ya kijani mbele ya umati usiosamehe. Kupanda kwa Mara Sugar hadi Ligi Kuu 2024, klabu nyingine yenye jina la sukari kutoka ukanda huu, kumefungua mlango kidogo. Homa Bay imepata uwanja wa kisasa unaobeba jina la Raila Odinga, na mechi za Ligi Kuu zimechezwa pale. Uwanja ni jambo jema. Hata hivyo, mechi ya wageni wawili haimpi kazi kijana wa Mbita wala wa Kabondo.

Wasomaji wa umri wetu watakumbuka kwamba nahodha wa Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika 1987 alikuwa beki wa kati, Austin Oduor wa ukoo wa Origi, wenye asili yake Rachuonyo. Katika fainali mbili dhidi ya Espérance ya Tunisia, Gor ilifungwa mabao matatu: 2-2 ugenini na 1-1 Kasarani. Hakuna aliyemlaumu nahodha kwa matatu hayo, kwa kuwa kombe lilibaki Nairobi kwa bao la ugenini.

Mnamo 2025 serikali ilikikodisha kiwanda cha SoNy kwa mwekezaji wa kibinafsi kwa miaka 30. Mjadala uliofuata ulihusu malimbikizo ya wakulima, mishahara ya wafanyakazi na bei ya tani ya miwa, na ni haki uwe hivyo. Timu ilitajwa kwa nadra. Mtaala mpya nao umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, ambayo ilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa Gredi ya 10 Januari 2026. Wanafunzi hao watamaliza Gredi ya 12 mwishoni mwa 2028. Wale watakaokuwa mabeki wazuri huko Awendo, Oyugis na Ndhiwa wanayo miaka michache ya kungoja mtu awaeleze watacheza wapi Jumamosi ya kwanza baada ya mtihani.