Kabla ya barua ya posa Bura, uliza ng'ombe watapita wapi

Msimu wa kwanza wa Yellowstone niliutazamia Bura, Tana River, vijana sita tumebanana ndani ya banda la kinyozi kwa sababu ndiko kulikuwa na sola. Laptopu ilikuwa inazima kila baada ya saa moja, na muvi ilikuwa imefika kwa fleshi kutoka Garissa. Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo. Karo ilikataa, na shangazi, ambaye ana shamba kwenye skimu ya Bura, akaniambia nije nimsaidie badala ya kukaa Nairobi nikihesabu matatu.

Kama hujaitazama, samahani, nitakuharibia kidogo. Yellowstone ilianza 2018 na inahusu ukoo wa Dutton, wafugaji wenye ranchi kubwa kule Montana, Marekani. Kijana wao Kayce amemuoa Monica, msichana kutoka hifadhi ya Wahindi Wekundu iliyo jirani. Wanapendana na wana mtoto. Halafu katika epizodi ya kwanza tu, ng'ombe wa Dutton wanavuka mpaka na kuingia ardhi ya kina Monica. Usiku bunduki zinalia. Kaka yake Monica anamuua kaka yake Kayce, na Kayce anamuua kaka yake Monica. Anarudi nyumbani kwa mkewe akiwa amemuua shemeji yake.

Pale kinyozini mtu mmoja akasema, "Hii si Marekani bana, hii ni hapa." Tukacheka. Jamaa mmoja tu ndiye hakucheka, na wengine tulijua kwa nini.

Yeye ni Mpokomo, na nyumbani kwao wanalima. Manzi wake ni Muorma, na kwao wanafuga. Walijuana sokoni, yeye akiwa na boda, manzi akiuza maziwa na mama yake. Hiyo biashara ni ya zamani kuliko sisi sote. Miaka nenda miaka rudi, kando ya mto Tana, maziwa ya mfugaji yamebadilishwa kwa mahindi na ndizi za mkulima. Baada ya mavuno ng'ombe walikuwa wakiingia shambani kula mabua na kuacha mbolea. Hawa watu hawakuanza kwa uadui.

Sasa wewe msomaji wangu wa Umoja au wa Kisauni pengine ushajipa jibu: shida ni dini, shida ni kabila, wazee wa kijijini ni washamba, wacha mapenzi yashinde. Nami nilidhani hivyo. Lakini Wapokomo wengi wa sehemu za juu za mto ni Waislamu kama Waorma walivyo. Kina jamaa yangu na kina manzi wake huswali msikiti mmoja siku ya Ijumaa. Kwa hivyo dini haikuwa shida. Na kuhusu kabila, ndoa za kuchanganya zipo Tana River, si jambo la ajabu.

Barua ya posa ilipopelekwa, mzee wa upande wa manzi hakuuliza kuhusu dini wala ukoo. Niliambiwa alisema hivi: "Kijana tunamjua, na dini yake tunaijua. Lakini kiangazi kikija, ng'ombe watapita wapi kufika mtoni? Shamba la baba yake ndilo limeziba njia."

Huku upande wa pili, baba yake jamaa alikuwa na kesi yake. Wiki chache kabla, kundi la ng'ombe lilikuwa limeingia shambani usiku na kumaliza mahindi yaliyobaki kidogo tu yavunwe. Hakuna aliyejua ni ng'ombe wa nani hasa, lakini yeye alikuwa ameshaamua. Akamwambia mwanawe, "Unataka nipeleke mahari kwa watu ambao ng'ombe wao wamekula mahari yenyewe?"

Barua ikarudi. Hakuna aliyetukanwa wala kupigwa. Mapenzi yalikwama pale ambapo kila kitu Tana River hukwama, kwenye njia ya ng'ombe.

Njia hizo zina jina. Zinaitwa malka, yaani mapito ya mifugo kutoka malishoni hadi mtoni. Mvua ikinyesha, mfugaji hukaa mbali na mto na mkulima hana wasiwasi. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wote hugeukia Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, na mashamba yamekaa hapo hapo kingoni kwa sababu mkulima naye hana maji kwingine. Kama malka ipo wazi, ng'ombe hupita, hunywa na kurudi. Kama kuna mtu amelima juu yake, ng'ombe watapita kwenye mahindi. Ng'ombe hajui ramani.

Bura tumeongeza mambo mengine juu ya hilo. Skimu ya unyunyizaji ilijengwa hapa kwa pesa za Benki ya Dunia na wengine, na walowezi wa kwanza wakaanza kuwasili mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka pembe nyingi za Kenya. Ndiyo maana leo vijiji vya skimu vina namba badala ya majina, na kwenye kibanda kimoja cha chai unaweza kusikia Kikikuyu, Kiluo, Kikamba, Kipokomo na Kiorma. Mpango ulikuwa kumwagilia hekta 6,700, lakini zikapatikana takriban 2,500. Pampu za dizeli kule Nanigi zikawa mzigo, pamba ikafa, na watu wengi wakarudi walikotoka. Waliobaki walikuwa wamepewa shamba la kulima tu, hawakupewa taito. Mfugaji naye aliona eneo alilokuwa akichunga likikatwa mifereji.

Kisha kuna mathenge. Mti huu ulipandwa huku miaka hiyo hiyo ya 1980 ili watu wapate kuni na ardhi isiwe jangwa. Ukageuka msitu wa miiba unaofunga njia na malisho. Malka ambayo babu aliijua kwa macho, leo huioni hata ukiwa umesimama juu yake. Na njia isiyoonekana ni rahisi sana kuisahau, hasa kama unataka kupanua shamba.

Ndiyo maana nasema sinema za kauboi zinatuhusu kuliko tunavyodhani. Tukiziangalia kwa DJ Afro tunaona farasi na bastola tu, na kucheka ni lazima. Lakini chini ya hizo risasi, stori nyingi ni za mtu wa ng'ombe na mtu wa shamba. Joseph Glidden aliposajili seng'enge yake Marekani 1874, malisho yaliyokuwa wazi yakaanza kufungwa, na muda si mrefu watu wa Texas walikuwa wakikata nyaya usiku na kuuana. Hollywood imekula pesa ya ugomvi huo kwa zaidi ya miaka mia moja. Yellowstone ni ugomvi ule ule, ila wamepanda magari makubwa na wana simu. Na mapenzi ya Kayce na Monica huwa na taabu kila mara ardhi inapokuwa na taabu.

Tofauti ni kwamba wao wakimaliza kuigiza huosha damu ya rangi na kwenda kula. Sisi tunajua huku mambo huishia wapi. Mwaka 2001 wakulima na wafugaji wa Tana River waliuana, na suala la kupima ardhi na kugawa hatimiliki lilikuwa katikati ya mzozo. Tarehe 22 Agosti 2012, kule Riketa, eneo la Garsen, zaidi ya watu 50 waliuawa asubuhi moja, wengi wao wanawake na watoto. Mauaji yakaendelea hadi Desemba mwaka huo, vijiji vya pande zote mbili vikachomwa, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Riketa ni mbali na Bura, ni kule chini ya mto, lakini habari zilipanda mto haraka. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Jamaa yangu pia. Manzi wake pia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshika panga, ila sisi ndio tunaolipa deni kwa kuvunjika kwa posa, kwa kuhamishwa usiku, kwa kuulizwa "wajomba zako walikuwa upande gani?"

Nataka kusema jambo ambalo washauri wa mapenzi huko TikTok hawatakuambia. Kumwambia kijana wa Bura kwamba "mapenzi ya kweli hushinda yote" ni kumtuma vitani na ua mkononi. Sheria ishampa haki yake. Katiba ya 2010, Kifungu cha 45, inasema mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia nyingine kwa hiari ya wote wawili. Hawa wawili wangeweza kutoroka kesho, wakaenda Mombasa, wakaandikisha ndoa. Lakini wakitoroka, ng'ombe wakiingia tena shambani, nani ataulizwa? Na mahindi yakiliwa na kijana mmoja wa huku akamkata ng'ombe mguu kwa panga, yule manzi ataitwa mke au atakuwa adui aliyelala ndani?

Kwa hivyo, kama tunataka watu wapendane, tutengeneze njia kwanza. Sheria ya Ardhi ya Jamii ipo tangu 2016. Inasema jamii inaweza kusajili ardhi yake, na kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wananchi. Maana yake ni kwamba kaunti haiwezi kukaa pembeni ikisema hayo ni mambo ya wazee. Malka zote zipimwe, ziwekwe kwenye ramani, ziwekewe alama ambazo hata mgeni ataziona, na mathenge ing'olewe juu yake. Anayelima juu ya malka ajue amevunja sheria. Anayechungia kwenye mahindi ajue bei ya fidia kabla ng'ombe hajameza, siyo baada ya panga kuinuliwa.

Wazee wana nafasi yao. Wapokomo wana Gasa na Waorma wana Matadeda, na mabaraza haya yamewahi kukaa pamoja na kutuliza mambo ambayo polisi walishindwa. Nawaheshimu. Lakini vikao hivyo ni vya wanaume waliokula chumvi nyingi, na wanaotakiwa kuishi na matokeo ni kijana wa boda na msichana wa maziwa. Wao wakae wapi? Kama ndoa inaweza kuvunjwa na njia ya ng'ombe, basi wanaotaka kuoana wana haki ya kuwepo njia hiyo inapochorwa.

Na sisi vijana tuache uvivu. Baraza la chifu likiitishwa kuhusu ardhi, tunasema hiyo ni ya wazee, tunabaki kwenye bando zetu. Kisha posa ikikataliwa tunaandika statasi za kulia. Hakuna statasi iliyowahi kufungua malka.

Najua kuna watakaosema nimefanya mapenzi kuwa siasa ya ardhi. Watasema kuna familia zinazokataa kwa chuki tu, hata ukiwapa ramani ya dhahabu. Ni kweli, zipo. Mtu wa chuki hatapona kwa sababu ya alama za mipaka. Lakini chuki inahitaji kisingizio, na Tana River kisingizio huja kila kiangazi, kikitembea kwa miguu minne. Kiondoe hicho, kisha tuone chuki itasimama juu ya nini.

Neno moja kwa watengenezaji wa tamthilia zetu. Mwaka 2022 Country Queen ilionyesha kwenye Netflix kwamba stori ya Kenya inaweza kubeba ardhi na mapenzi kwa pamoja na watu wakatazama. Lakini bado kila jioni tunaletewa tajiri wa Nairobi anayempenda maskini wa Nairobi, na mama mkwe anayetilia watu sumu. Njooni Bura mpige picha. Vumbi lipo, ng'ombe wapo, mto upo, na mapenzi yenye taabu yapo tele. Mkija, ombeni watu wa huku waandike stori wenyewe, na msiifanye damu kuwa mapambo.

Nilirudi Nairobi baada ya mavuno. Juzi jamaa alinipigia. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na manzi alikuwa amepelekwa kwa jamaa zake upande wa Garsen, pamoja na kundi. Baba yake jamaa ana shamba lile lile, na njia bado imezibwa. Nikamuuliza atafanya nini. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba amemwomba babake amwachie ukanda wa shamba upande wa mto, upana wa kupitisha ng'ombe, kama urithi wake wa mapema.

Babake hajajibu. Kama atakubali, kijana wa miaka ishirini na minne atakuwa amefanya kwa boda yake na moyo wake kazi ambayo ofisi nyingi zenye bajeti hazijaifanya tangu sisi tuzaliwe. Na kama atakataa, jamaa atalazimika kungoja mvua, kama kila mtu huku.