Kampuni Haizibi Paa Linalovuja

Ndugu msomaji, katika miji yetu mikubwa na midogo wako wananchi wengi wanaomiliki nyumba ya pili. Mmoja ameijenga kwa akiba ya utumishi wake, tofali baada ya tofali, kwa miaka kumi na zaidi. Mwingine amerithi kwa wazazi nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma, na kila chumba kina mpangaji wake. Watu hawa si matajiri. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo karo ya watoto, ndiyo dawa ya mama mzee, na ndiyo nauli ya kwenda msibani.

Siku hizi wenye nyumba wa namna hii hushauriwa jambo moja kila wanapouliza: “Unda kampuni.” Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini mara nyingi hutolewa nusu. Leo tuutazame mzima, kisha tutazame jambo la pili linalosahauliwa, nalo ni matengenezo. Maelezo ya sheria yatakayofuata yahusu Tanzania Bara, kwani Zanzibar ina sheria zake za ardhi na za makampuni.

Kwanza tuelewe kampuni ni nini. Kampuni ni mtu wa kisheria. Haili wala hailali, lakini inaweza kumiliki mali, kudai, kudaiwa na kushtakiwa kwa jina lake yenyewe. Msingi huu uliwekwa wazi nchini Uingereza mwaka 1896, katika shauri la mshona viatu wa London aliyeitwa Aron Salomon. Bwana huyu aliigeuza biashara yake kuwa kampuni yenye hisa 20,007. Hisa 20,001 alikuwa nazo yeye. Mkewe na watoto wake watano walikuwa na hisa moja moja. Kampuni ilipofilisika, wadai walitaka Salomon alipe madeni kutoka mfukoni mwake, wakisema kwamba kampuni hiyo ilikuwa ni yeye mwenyewe aliyevaa kanzu nyingine. Baraza la Malodi lilikataa. Likaamua kwamba kampuni iliyoandikishwa kwa kufuata sheria ni mtu mbali na wenye hisa wake, hata kama mwenye hisa karibu zote ni mmoja.

Nchini kwetu makampuni huandikishwa na BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Kampuni inayoifaa familia ni ile iitwayo kampuni binafsi. Wanachama wake, ukiacha wafanyakazi wake, hawazidi 50. Hisa zake haziuzwi kwa umma. Na katiba yake huweka mipaka ya kumwuzia mgeni hisa. Faida yake ni nini? Tuchukue mfano. Baba amefariki, ameacha nyumba moja na watoto sita. Nyumba haigawanyiki kama embe. Mmoja anataka iuzwe, mwingine anaishi ndani yake bila kulipa, wa tatu yuko mbali na hapati senti. Kama nyumba hiyo ingekuwa mali ya kampuni, kila mtoto angerithi hisa, kodi ingeingia katika akaunti moja, na gawio lingetolewa kwa hesabu. Hisa za marehemu nazo hupitia katika mirathi, lakini nyumba yenyewe haibadili mwenyewe kila anapokufa mtu. Faida ya pili ni kwamba deni la kampuni, kwa kawaida, halimfuati mwenye hisa hadi nyumbani kwake anakolala.

Hiyo ndiyo nusu inayosemwa. Sasa tuitazame nusu isiyosemwa.

Ikiwa kampuni ni mtu mwingine, basi nyumba ukishaihamishia kwa kampuni si yako tena. Ni ya kampuni. Katika Ireland alikuwapo bwana mmoja aliyeitwa Macaura, mwenye mbao nyingi zilizokatwa katika shamba lake. Aliiuzia kampuni mbao hizo, na hisa za kampuni hiyo karibu zote zilikuwa zake. Lakini bima ya moto aliikata kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1922 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mbao. Alipodai fidia, shauri likafika hadi Baraza la Malodi, na mwaka 1925 aliambiwa kwamba hakuwa na mbao. Mbao zilikuwa za kampuni, na kampuni haikuwa na bima. Ukuta uleule uliomkinga Salomon ndio uliomzuia Macaura. Kwa hiyo, anayehamisha nyumba ahamishe pia bima, mikataba ya wapangaji, na akaunti ya benki inayopokea kodi. Na yule anayechota kodi ya kampuni kama fedha za mfukoni mwake ajue kwamba anachukua mali ya mtu mwingine, na kwamba wenye hisa wenzake wana haki ya kumwuliza.

Kuhamisha kwenyewe kuna gharama. Serikali huhesabu kwamba umeitoa nyumba na mwingine ameipokea. Hivyo kuna kodi juu ya faida, kuna ushuru wa stempu, na kuna ada za kubadili jina katika hati. Kumbuka pia kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma mikononi mwa Rais kama mdhamini, na sisi twamiliki haki ya kuitumia kwa miaka iliyotajwa katika hati. Asiye na hati hana budi kuanzia huko kabla ya kufikiri habari za kampuni. Na kama nyumba hiyo ndiyo maskani ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuitoa bila ridhaa ya mwenzake. Kampuni isitumiwe kamwe kuwa mlango wa nyuma wa kumnyang’anya mama wa watoto paa lake.

Kisha kuna kodi ya mapato. Faida ya kampuni hutozwa asilimia 30. Gawio litolewalo kwa wenye hisa wakaazi wa kampuni ya namna hii hukatwa asilimia 10 nyingine. Basi katika kila shilingi 100 za faida, 30 huenda kwanza. Katika 70 zilizobaki, 7 hukatwa. Na familia hupokea 63. Mtu binafsi hutozwa kwa ngazi, akianzia chini. Kwa mwenye kipato kidogo kampuni yaweza kuongeza kodi badala ya kuipunguza. Ongeza hapo mahesabu ya kila mwaka na taarifa ambayo haina budi kupelekwa kwa Msajili hata katika mwaka ambao vyumba vilikaa vitupu.

Wala kinga ya kampuni si ngao ya chuma. Benki ikikopesha kampuni changa, mara nyingi humtaka mwenye hisa aweke dhamana yake binafsi. Hapo kinga imekwisha kwa mkono wake mwenyewe. Na mtu aliyefanya uzembe kwa nafsi yake, akaunga nyaya za umeme ovyo hata mpangaji akadhurika, hawezi kujificha nyuma ya cheti cha usajili.

Twasemaje basi? Mwenye nyumba moja na warithi wanaoelewana hana haraka ya kuunda kampuni. Yamtosha kuwa na hati safi, wosia ulioandikwa, na makubaliano ya familia yaliyotiwa saini: nani anakusanya kodi, nani anatunza daftari, nani anaidhinisha matengenezo. Wenye nyumba kadhaa, au ndugu wengi waliotawanyika, au wanaotaka kukopa na kujenga zaidi, hao wamwone wakili na mhasibu, wafanye hesabu ya gharama zote, ndipo waamue. Na yeyote asidanganywe kwamba kuandikisha jina la biashara ni sawa na kuunda kampuni. Jina la biashara ni jina tu. Anayedaiwa ni wewe.

Tuje sasa kwenye jambo la pili. Wasomaji wenye umri watakumbuka mwezi wa Aprili mwaka 1971, ilipotungwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Majengo mengi kati ya hayo yalichakaa sana kwa miaka mingi, kwa kuwa kodi ilikuwa ndogo na fedha za matengenezo hazikutosha. Somo liko wazi: umiliki uwe wa mtu, wa kampuni au wa umma, bati huota kutu vilevile. Maji ya mvua hayasomi cheti.

Tena kutengeneza si hisani. Sheria ya Ardhi huhesabu kwamba, pale sehemu tu ya jengo inapopangishwa, mwenye nyumba ana wajibu wa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu, na sehemu zinazotumiwa na wote. Mpangaji naye ana wajibu wa kutunza chumba alichopewa. Mkataba ulioandikwa useme hayo kwa Kiswahili chepesi. Useme pia ni matengenezo gani mpangaji aweza kuyafanya mwenyewe na kuyakata katika kodi, na kwa kiasi gani, ili pasiwe na ugomvi wa stakabadhi.

Adui mkubwa wa nyumba ni maji. Masika huanza Machi na vuli huanza Oktoba. Kwa hiyo Februari na Septemba ziwe miezi yako ya ukaguzi. Panda ngazi, au mpandishe fundi, utazame misumari iliyolegea, bati lililotoboka, na kenchi zilizoliwa na mchwa. Zibua mifereji ya paa. Tazama kama maji yanayomwagika ukutani yanachimba msingi. Ufa mwembamba wa lipu hauna hatari kubwa, lakini ufa unaopanuka, au unaopita katika tofali kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, ni dalili kwamba msingi unatembea. Mwite mjuzi, usiufunike kwa rangi. Pwani kuna taabu yake: hewa ya chumvi hula mabati, na mchanga wa bahari ukitiwa katika zege huozesha nondo ndani kwa ndani. Na mwenye nyumba ya kale ya mawe na chokaa asiipake saruji, kwani saruji huyafungia maji ukutani, nayo chokaa huyaacha yakapumua.

Fedha zitoke wapi? Tuseme vyumba sita kwa shilingi 50,000 kila kimoja. Hiyo ni 300,000 kwa mwezi, na 3,600,000 kwa mwaka. Tenga sehemu moja katika kumi, yaani 360,000 kila mwaka, na usiiguse kwa harusi wala kwa sikukuu. Kwa miaka mitano utakuwa na 1,800,000, nazo ni fedha za kuanzia kazi kubwa ya paa bila kukimbilia mkopo. Hapa kwetu, ambako wengi hupokea kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kutenga ni rahisi zaidi siku ile ile ya kupokea kuliko baadaye.

Na fundi umpate vipi? Tazama kwanza kazi aliyoifanya mwaka jana, usiitazame ile aliyoimaliza jana. Andikeni makubaliano: kazi gani, kwa siku ngapi, kwa shilingi ngapi. Vifaa vinunue wewe, nawe uhesabu mifuko ya saruji inapoingia na inapokwisha. Lipa kwa awamu kadiri kazi inavyokwenda, na baki kidogo ilipwe baada ya mvua ya kwanza. Fundi mwaminifu hatachukia sharti hilo. Kila stakabadhi itunzwe, kwa kuwa mtu wa kodi hutenganisha kati ya kurekebisha kilichoharibika, ambako ni gharama ya mwaka, na kuongeza chumba kipya, ambako ni kuongeza mali. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ndugu msomaji, nyumba ya kupangisha ni amana yenye wenyewe wengi: wewe uliyeijenga, watoto watakaoirithi, na mpangaji ambaye usiku wa leo analala chini ya paa lake pamoja na wanawe. Kampuni yaweza kuyapanga mambo ya wawili wa kwanza. Huyo wa tatu anangoja bati jipya, na anayengojwa alilete ni wewe. Mwezi wa ukaguzi ukifika, usiukwepe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tukutane Jumapili ijayo.