Mwezi Uandikwe kwa Herufi

Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Ikiandikwa 12/1/1964, msomaji wa Unguja au Mombasa haoni tatizo, lakini Mmarekani atasoma tarehe 1 Desemba, kwa kuwa kwao mwezi hutangulia siku. Saba Saba, Nane Nane na Sikukuu ya Jamhuri ya Kenya zimesalimika: 7/7, 8/8 na 12/12 hazigeuki hata zikisomwa vipi. Siku za namna hiyo ni 12 tu kwa mwaka. Zenye utata ni 132, zaidi ya theluthi nzima ya mwaka.

Katika kamusi elezo inayoandikwa na watu wengi, kila mmoja huja na mazoea yake. Magazeti ya Tanzania hupenda “Desemba 9, 1961”. Wikipedia ya Kiswahili imezoea “9 Desemba 1961”. Hakuna kosa hapo. Kosa ni kuzichanganya ndani ya makala moja, maana msomaji akishaona tarehe zimeandikwa ovyo, huanza kuyatilia shaka hata yaliyo sahihi.

Wikipedia ya Kiingereza iliwahi kutafuta njia ya mkato. Tarehe ikiwekewa kiungo, kila mwenye akaunti aliiona kwa mtindo alioupenda mwenyewe. Wahariri wakawa wanatazama ukurasa safi, kumbe msomaji wa kawaida, asiye na akaunti, anaona mchanganyiko uleule ulioandikwa. Mpango huo uliachwa mwaka 2008, na ugomvi wa kuondoa viungo ukafika mbele ya kamati ya usuluhishi mwaka 2009. Kanuni inayofuatwa huko ni ya busara: makala inayohusu sana nchi fulani ifuate mtindo wa nchi hiyo, nyingine zibaki na mtindo uliotangulia kutumika. Bila hivyo watu wawili wangeshinda wakifutiana tarehe.

Mtindo wa kimataifa wa ISO 8601, uliotolewa mwaka 1988, huanza na mwaka: 1964-01-12. Unafaa majedwali, kwa kuwa kompyuta huzipanga tarehe hizo kwa mfuatano bila kuelekezwa. Ndani ya sentensi unakwaza ulimi.

Pwani lipo jambo jingine, nalo husahaulika mno. Maulidi huangukia tarehe 12 Mfunguo Sita. Mhariri asiyejua akiugeuza kuwa “mwezi wa sita”, wasomaji watadhani ni Juni, wakati Mfunguo Sita ni mwezi wa tatu wa Hijria. Kalenda inayotumika haina budi kutajwa.

Kwa makala za Kiswahili, siku itangulie, mwezi uandikwe kwa herufi, mwaka uwe na tarakimu zote 4. Anayekuta makala yenye mitindo mitatu asiongeze wa nne. Achague mmoja, aisawazishe makala yote, ndipo aandike lake.