Kichwa kinachouma ghafla kisirudishwe nyumbani na vidonge

Mashariki mwa Kongo, mtu akilalamika kichwa, wengi wanafikiria malaria. Anapewa vidonge, anarudi nyumbani, na mara nyingi inatosha. Lakini kuna kichwa kingine. Kinakuja ghafla, kwa muda mfupi sana kinakuwa kikali kuliko vyote alivyowahi kusikia, shingo inakaza, anatapika, wengine wanazimia. Huenda mshipa wa damu umepasuka kichwani. Familia ikisema amerogwa, saa zinapita bure.

Chanzo kimoja ni anevrisima: sehemu dhaifu ya mshipa inayovimba, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyotoa uvimbe palipolegea. Wengi wanaishi nayo bila kujua. Tena haikai peke yake kila mara: kati ya wagonjwa 10, 2 ao 3 wana zaidi ya moja.

Zamani dawa ilikuwa kufungua fuvu na kubana uvimbe. Ukiwa pande mbili, huenda fuvu likafunguliwa mara mbili. Mwaka 1990, huko Los Angeles, Marekani, daktari Guido Guglielmi na wenzake walianza njia nyingine. Mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka kichwani, na nyuzi laini za platini zinajaza uvimbe ili damu isiingie tena. Kwa tundu hilo moja daktari anaweza kufikia uvimbe wa kushoto na wa kulia. Uliovuja damu ndio unatangulia.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2002 ulifuata wagonjwa 2143 ambao njia zote mbili zingewafaa. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa ao kubaki wakitegemea wengine walikuwa karibu 24 kwa 100 kati ya waliotiwa nyuzi, na karibu 31 kwa 100 kati ya waliofunguliwa fuvu. Hata hivyo, si kila uvimbe unafaa nyuzi, na mgonjwa lazima arudi kupigwa picha.

Wapo watakaosema hayo ni ya matajiri, kwamba familia inayolala chini ya bashi inatafuta maji kwanza. Ni kweli, kituo cha afya hakina mashine hiyo. Lakini matibabu hayaanzii kwenye mashine. Yanaanzia kwa muuguzi anayeuliza: "Kilianza ghafla ao polepole?" Swali hilo halina bei.

Tansio ya juu na sigara vinaongeza hatari ya mshipa kupasuka. Kwa hiyo wakubwa wa afya na mashirika yanayosaidia wahami wahakikishe kila kituo kina kipimo cha tansio kinachofanya kazi, na gari ao pikipiki ya kumfikisha mgonjwa wa namna hii hospitali kubwa siku hiyohiyo. Uvimbe uliovuja unaweza kuvuja tena ndani ya saa 24 za kwanza, na mara ya pili inaua wengi.

Familia nazo zisingoje kupambazuke.