Mashabiki wa ugenini, shusheni hiyo spea juu ya paa

Shabiki wa Dar es Salaam anayeifuata timu yake Mbeya, Uwanja wa Sokoine, anakata zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Akienda Ruangwa kwa Namungo au Kigoma kwa Mashujaa, nako si safari ya kitoto. Ndiyo maana wenye uwezo wao wanajichanga, wanapanda Land Cruiser au Prado na kuingia barabarani usiku ili mechi iwakute jukwaani.

Gari lenyewe limeshanogeshwa. Limeinuliwa, limevalishwa matairi ya inchi 33 au 35, bendera inapepea dirishani. Hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanzia kwenye swali dogo linalojibiwa harakaharaka gereji: tairi la spea nalo limekuwa kubwa, sasa likae wapi? Jibu la wengi ni moja: lirushwe juu ya keria, safari ianze.

Jibu hilo ni baya. Tena ni baya kuliko yote.

Tairi la inchi 35 likiwa na rimu yake linafika kilo 40 na ushee. Ukijumlisha chuma cha keria, majerikeni na mabegi ya watu saba, mzigo mzima uko karibu mita mbili kutoka ardhini, kwenye gari ambalo tayari limeinuliwa. Gari hilo likifika kona za Kitonga, au dereva akikwepa ng'ombe ghafla, uzito ule wa juu ndio unaolivuta lilale ubavu. Dereva anaweza kuwa fundi kama kiungo wa Taifa Stars, lakini uzito hauchezewi chenga.

Halafu pancha inatokea saa nane usiku. Nani anapanda juu kulishusha dude la kilo 40 peke yake gizani? Wengi wamelala, malori yanapita kwa kasi. Likimponyoka, linamwangukia aliye chini.

Wapo wanaojiona wajanja: wanabadilisha matairi manne na kuiacha spea ileile ya kiwandani, kwa sababu inaingia mahali pake. Huko ni kumweka benchi mtoto wa under 15 ukitegemea aingie dakika ya 80 kumkaba straika wa watu wazima. Tairi la 265/65R17, saizi inayofahamika sana kwenye Prado, lina kimo cha takriban sentimita 78. La inchi 35 lina sentimita 89. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko mwenzake wa upande wa pili, na difu inalazimika kufanya kazi bila kupumzika. Kwa gari ambalo magurudumu yote manne yanavuta muda wote, kilomita 100 za namna hiyo zinatosha kuanza kuliharibu.

Basi liwekwe wapi? Chini ya gari, pale Land Cruiser nyingi zinapobeba spea, tairi kubwa mara nyingi halienei. Linagusa ekzosi au bampa, na likilazimishwa linaning'inia na kukwaruza kila tuta. Kwenye mlango wa nyuma linapendeza, ila bawaba za mlango zilitengenezwa kwa uzito wa tairi la kiwandani. Barabara ya vumbi yenye mawimbi inautikisa mlango huo saa nzima, mwisho bati linapasuka. Ndani ya gari ni salama zaidi kuliko juu ya paa, lakini kwa sharti moja: lifungwe kwa mikanda imara kwenye sakafu. Likiachwa huru, breki moja ya ghafla inaligeuza kuwa kombora kuelekea vichwa vya waliokaa mbele.

Mahali panapofaa ni kwenye bampa ya nyuma ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi, yenye mkono unaofunguka kama geti. Hapo uzito unabebwa na chesisi badala ya mlango, tairi liko chini ya paa, na mtu wa kawaida analifikia. Nayo ina masharti yake. Namba ya gari na taa za nyuma zisifichwe, trafiki hana utani na hilo. Loki ya mkono ikaguliwe kila mnapojaza mafuta. Na hapohapo pasiongezwe majerikeni mawili, maana uzito ukizidi nyuma ya ekseli, pua ya gari inakuwa nyepesi na usukani unapoteza nguvu.

Anayebisha aangalie wanaofanya kazi hiyo kwa mashindano. Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, dunia iliona mawe na vumbi vinavyokula matairi. Magari yale hubeba spea moja au mbili, zimefungwa ndani, nyuma, chini kabisa. Timu zinapiga hesabu kama uzito wa hiyo ya pili una faida. Hakuna anayeirusha juu ya paa, ingawa dereva wake ni bingwa.

Itasemwa kwamba bampa ya namna hiyo ni gharama. Kweli, si rahisi. Lakini aliyepata hela ya matairi matano makubwa na ya kuliinua gari hakosi njia ya kumalizia kazi. Akikosa, arudishe matairi ya kawaida kwa safari ndefu. Gari litapungua mbwembwe, watu watafika.

Kocha siku hizi ana nafasi ya kubadili wachezaji 5. Gari lina mbadala mmoja tu. Viongozi wa matawi wanaokusanya nauli na majina ya wasafiri waongeze kazi moja kabla ya kuondoka: walione tairi la spea kwa macho, walipime upepo, wasome tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Na wakilikuta juu ya paa, gari lisitoke mpaka lishushwe.